Sanduku la Mama Fundi: Nishati inapotelea wapi?

Kwa wasomaji wapya: mimi ni fundi wa redio na sola hapa Walukuba, Jinja. Baba yangu alihamia mji huu kufanya kazi kiwandani, na katika zile nyumba za wafanyakazi, ambako kila mlango ulikuwa na kabila lake, lugha ya uani ilikuwa Kiswahili. Nilifundisha fizikia miaka kumi na tisa, kisha nikarudi kwenye meza ya kulehemu. Kila Jumamosi watoto kumi na wawili hukaa barazani kwangu kujenga roboti kwa vipuri tunavyovipata. Mwezi huu nimepokea barua nne zinazogusa jambo moja: mashindano ya kimataifa ya roboti kwa vijana, yale ambayo mada yake imewahi kuwa nishati safi. Barua ya mama wa Tororo nitakaa nayo sana. Nyingine nitazijibu kadiri zinavyohitaji.

*Mama Fundi, salamu kutoka Tororo. Binti yangu yuko Senior Tatu, ana miaka 16. Shuleni kwao wana klabu ya roboti, na yeye ni mmoja wa watoto watano watakaoshindania nafasi ya kwenda mashindano ya dunia. Mwalimu anataka shilingi 600,000 za pasipoti na maandalizi, tulipe wiki hii. Mume wangu amekataa. Anasema ni mchezo wa vigari tu, na kwamba sisi Uganda tuna bwawa la Jinja tangu enzi za Mwingereza, umeme wetu ni safi tayari, sasa watoto wanakwenda kufundishwa nini? Tena amesikia kwamba watoto wa Burundi walipotea Marekani katika mashindano hayohayo. Binti halali. Daftari lake la Historia limejaa michoro ya magurudumu. Nifanyeje? – Mama wa Tororo*

Dada yangu, nianze na pesa, kwa sababu umeambiwa wiki hii na mengine yanaweza kungoja.

Usilipe mkononi. Ada ya pasipoti hapa kwetu hulipwa serikalini kwa namba ya malipo, ile PRN, unayopewa baada ya kujaza maombi ya mtoto. Hailipwi kwa mwalimu, hata awe mtu mwema namna gani. Isitoshe, binti bado hajachaguliwa, ana wenzake wanne wa kushindana nao. Nenda shuleni umwombe mwalimu mkuu barua yenye muhuri, ieleze nani anaandaa timu ya taifa, nani anakata tiketi, mwanamke gani mtu mzima atasafiri na wasichana, na kama pesa itarudi mtoto asipochaguliwa. Mwalimu mkweli hachukizwi na maswali hayo. Nakwambia hivi kwa sababu nimeungua. Miaka kadhaa iliyopita nilitoa shilingi 400,000 kwa ajili ya mtoto wa ndugu yangu, kwa kikundi kilichotangaza safari ya mashindano. Hakuna aliyesafiri, na simu yao ikazimwa. Mtoto yule alikaa na sanduku lililofungashwa kitandani kwa wiki nzima, na mpaka leo nikiliona sanduku lile moyo unaniuma.

Sasa, mashindano yenyewe ni ya kweli? Ni ya kweli. Yanaitwa FIRST Global, na aliyeyaanzisha ni mvumbuzi wa Marekani, Dean Kamen. Kila nchi hupeleka timu moja tu ya vijana wa miaka 14 hadi 18. Ya kwanza yalifanyika Washington mwaka 2017, yakakusanya zaidi ya nchi 150, na mada ilikuwa maji. Mwaka 2018 yalihamia Mexico City na mada ikawa nishati. Uwanjani kulikuwa na mfano wa paneli za sola na wa mtambo wa upepo, na roboti zilitakiwa kuuamsha umeme. Mwaka 2023 yalikuwa Singapore, na mada ilikuwa hidrojeni, ambayo kijana wa Mbale ameniuliza hapo chini. Timu zote hutumia sanduku la vipuri vya aina moja, kwa hiyo mtoto wa nchi tajiri na mtoto wa Tororo huanza na mota zilezile. Kila pambano huchukua dakika mbili na nusu, na nchi tatu huungana dhidi ya nchi nyingine tatu. Pambano linalofuata miungano hubadilika. Uliyeshindana naye asubuhi unaweza kumhitaji alasiri, kwa hiyo watoto hujifunza kuazimana bisibisi mapema sana.

La Burundi ni kweli pia, na sitalificha. Mwaka 2017 vijana sita wa timu yao hawakuonekana baada ya mashindano, na wawili walijulikana wamevuka kwenda Canada. Mwaka huohuo wasichana sita wa Afghanistan walinyimwa viza mara mbili, wakaruhusiwa dakika za mwisho baada ya dunia kupiga kelele. Kwa hiyo mweleze binti mapema kwamba anaweza kuchaguliwa, akajenga, akajaza fomu zote, na bado ofisi ya ubalozi ikasema hapana. Ajue hilo kabla hajaanza. Na kuhusu hofu ya kupotea, ndiyo sababu nimesema uulize nani anasafiri nao. Mtu huyo uonane naye uso kwa uso, akukalie sebuleni, umpikie chai.

Nimetaja chai, basi nimgeukie shemeji.

Shemeji, una haki kujivunia bwawa. Mimi nimelelewa na mlio wake. Nalubaale, ambalo wakati ule liliitwa Owen Falls, lilifunguliwa mwaka 1954, na Malkia Elizabeth mwenyewe alikuja Jinja. Baada yake tumejenga Kiira pembeni yake, Bujagali mwaka 2012, Isimba mwaka 2019, na Karuma yenye megawati 600 ambayo ilizinduliwa mwaka 2024. Soroti na Tororo kwenu hapo kuna mashamba ya sola ya megawati 10 kila moja, labda unayapita ukienda kazini. Waya zetu kweli zinabeba umeme safi. Lakini chai yako ya asubuhi huchemshwa na nini? Kama nyumba yako ni kama za majirani zangu, ni sigiri na makaa. Gunia la makaa limetoka kwenye miti iliyokatwa kaskazini, hadi ikabidi mwezi Mei 2023 Rais atoe amri ya kupiga marufuku makaa ya biashara huko. Umeme safi uko ukutani, moshi uko jikoni, na kati ya ukuta na jiko kuna pengo ambalo hakuna bwawa lililoliziba. Yaka, ule umeme wa kulipia kabla, ikiisha kabla ya mwezi kwisha, mama anarudi kwenye sigiri. Mtoto wako anaombwa alifikirie pengo hilo.

Je, kigari kitamfundisha kulifikiria? Nikwambie nilichokiona kwa macho yangu.

Kikundini kwangu yumo msichana wa Masese, baba yake mvuvi. Mwaka jana roboti yetu ilikuwa na ugonjwa mmoja: ikiwa chini inakimbia vizuri, ikianza kupanda mteremko huku imenyanyua mkono, inazimika. Taa zinakufa, kisha inawaka upya kama mtu aliyezirai. Wavulana walisema betri imekufa, tununue nyingine. Betri ile si ya bei ya mchezo, nami nilikuwa tayari nimeanza kuhesabu pesa. Yule msichana akachukua mita ya kupimia umeme. Akapima kwenye vichwa vya betri wakati roboti imetulia: volti 12.8. Akamwomba mwenzake ainyanyulishe mkono, akapima tena palepale: 12.1. Betri ni nzima. Kisha akapima upande wa pili wa waya, pale umeme unapoingia kwenye roboti, mkono ukiwa unanyanyuka: volti 9. Akakaa kimya, akaniangalia, akasema, "Mama Fundi, volti tatu zimekwenda wapi?"

Dada yangu, nimefundisha miaka kumi na tisa na sijawahi kuulizwa swali lililonifurahisha kama hilo. Sikumjibu. Nilimwambia aguse waya kidogo kidogo kutoka betri hadi roboti. Kwenye kiungo kimoja akauondoa mkono haraka, kilikuwa moto. Mmoja wetu alikibana vibaya, nyuzi tatu tu ndizo zilikuwa zimeshika. Ampea kumi zikipita pale na kuacha volti tatu, ni wati thelathini za joto kwenye kitu kidogo kuliko kidole. Tulikata, tukabana upya, roboti ikapanda.

Hadithi haikuishia hapo. Jumapili alikwenda kwao na mita yangu bila kuniomba ruhusa, na nimemsamehe. Baba yake ana paneli ya sola ya wati 100 juu ya bati, na kwa miezi mingi taa zao zilikuwa zinazimika saa tatu usiku. Alikuwa amerudisha betri kwa muuzaji mara mbili na kugombana naye. Binti akakuta waya uliotoka kwenye paneli hadi kwenye betri ni mwembamba, wa milimita moja na nusu za mraba, na urefu wake ni mita kumi na tano. Umeme huenda na kurudi, kwa hiyo ni mita thelathini za shaba. Tulipiga hesabu pamoja Jumamosi iliyofuata: jua likiwa kali, wati 10 kati ya 100 zilikuwa zinaishia kwenye waya, zinapasha bati joto. Kwa waya wa milimita nne za mraba, zinapotea karibu nne tu. Mzee alinunua waya. Sasa taa zinafika saa tano, na yule mzee hasemi tena vigari. Alikuja barazani kwangu na samaki wawili akauliza kama binti yake mdogo naye anaweza kujiunga.

Kwa hiyo shemeji, binti yako anakwenda kufundishwa swali moja: nishati inapotelea wapi? Anayelijua swali hilo atalipeleka kwenye waya, kwenye sufuria, kwenye mtaro wa maji, na hata kwenye zile shilingi 600,000.

Ushauri wangu ni huu. Mruhusuni abaki klabuni na ashindanie nafasi. Pesa ingojee barua na PRN. Na mnunulieni mita ndogo ya kupimia umeme, zile za rangi ya njano zinazouzwa madukani. Hata asiposafiri popote itabaki nyumbani.

*Mama Fundi, mimi ni mwalimu wa sekondari karibu na Bombo. Mtaala mpya unataka wanafunzi wafanye miradi, nami ningependa kuanzisha klabu ya roboti yenye mada ya nishati safi. Nina wanafunzi 60 wanaotaka kujiunga, kompyuta moja, na sina sanduku la vipuri. Shule ya jirani wanalo, walipewa msaada, lakini limefungiwa kabatini. Nianzie wapi? – Mwalimu*

Mwalimu mwenzangu, hilo kabati linanitia uchungu. Shule moja niliyowahi kwenda kusaidia ilikuwa na sanduku kama hilo ofisini kwa mkuu, "lisiharibiwe na wanafunzi". Tulipolifungua baada ya miaka miwili, karatasi za plastiki zilikuwa hazijachanwa na betri zilikuwa zimekufa. Betri za nikeli zikiachwa bila chaji huisha zenyewe polepole, na zikikaa tupu muda mrefu haziamki vizuri. Zilikufa kwa kutunzwa. Nenda kwa mwalimu wa shule hiyo, si kwa mkuu kwanza, umwombe mfanye klabu ya pamoja: wao walete sanduku, wewe ulete watoto sitini na hamu. Mkimfuata mkuu wawili, mna mradi wa kumwonyesha. Ukimfuata peke yako, umekwenda kuomba.

Wakati unangoja, usianze na kompyuta. Mwezi wa kwanza usiandike programu hata moja. Tafuta dainamo ya baiskeli, ile inayosugua gurudumu kuwasha taa. Nyingi ni za volti 6 na wati 3. Geuza baiskeli kichwa chini, mtoto azungushe pedali, mwingine ashike mita. Kisha washa taa, na uwaache wote sitini waguse pedali kabla na baada ya taa kuwaka. Watasikia kwa mikono kwamba pedali imekuwa nzito. Vitabuni somo hilo huchukua kurasa kumi na bado halikai. Mikononi hukaa kwa dakika moja.

Kisha wape hesabu ninayoipenda kuliko zote. Kuchemsha lita moja ya maji kutoka nyuzi 25 hadi 100 kunahitaji takriban wati-saa 88, hata kabla hujahesabu joto linalokimbia pembeni ya sufuria. Dainamo yako ya wati 3 itafanya kazi hiyo kwa saa 29. Na ile betri ya roboti ya mashindano, ambayo watoto huiona kama kitu kikubwa? Ni ya volti 12 na ampea-saa 3, yaani wati-saa 36. Haichemshi hata nusu lita. Nilipowapigia wangu hesabu hii ubaoni, mmoja aliuliza, "Sasa mama anachoma kiasi gani kwa siku?" Tukapima makaa ya nyumba nne kwa mizani ya muuza samaki, wiki nzima. Huo ulikuwa mradi wao wa muhula, na roboti ilikuja baadaye. Ilikuja kwa watoto waliokuwa na sababu ya kuijenga.

Kwa vipuri: redio na mashine za kaseti zilizokufa zina mota ndogo na gia. Mota za waipa za magari zina nguvu ya kubeba mtoto, na ukienda Katwe, kwa mafundi wa Kampala, na kipimo cha bei kichwani utazipata. Mbao, mabati, mipira ya tairi za boda. Watoto sitini wagawe makundi ya sita sita, na kila kundi liwe na mshika daftari ambaye kazi yake ni kuandika vipimo tu. Mpe kazi hiyo mtoto mkimya. Hiyo kompyuta moja itumike mwezi wa tatu. Roboti za mashindano huandikiwa programu ama kwa lugha ya Java ama kwa vizuizi vinavyoburutwa kwenye kioo, na vizuizi vinatosha kabisa kwa mwaka wa kwanza. Programu andikeni kwanza kwa chaki ubaoni, hatua kwa hatua, mmoja awe roboti atembee darasani akitii. Akigonga ukuta, kosa limeonekana na hakuna kilichovunjika.

*Mama Fundi, nasoma Mbale, nina miaka 17. Nimesikia mwaka wa Singapore mada ilikuwa hidrojeni. Rafiki yangu anasema ni mafuta ya maji na kwamba tukiyatengeneza hapa Uganda hatutahitaji petroli tena. Mwingine anasema inalipuka. Naweza kuitengeneza nyumbani nikaionyesha klabuni?*

Mwanangu, rafiki yako wa pili yuko karibu zaidi na ukweli, kwa hiyo nianze naye. Hidrojeni ikichanganyika na hewa huwaka kwa cheche ndogo sana. Usiitengeneze nyumbani, usiikusanye kwenye chupa iliyofungwa, na kamwe usitie chumvi ya mezani kwenye maji unayopitisha umeme, kwa maana badala ya oksijeni unaweza kupata klorini, ambayo inachoma mapafu. Jambo hili lifanyike na mwalimu, nje, kwa betri ndogo na kiasi cha viputo vichache.

Rafiki wa kwanza amekosea kwenye neno moja. Hidrojeni si mafuta ya maji. Maji ni kama majivu yake, ni kile kinachobaki hidrojeni ikishaungua. Ili uitoe tena majini ni lazima ulipe nishati kutoka mahali pengine. Ichukulie kama jerikani, inabeba lakini haijijazi yenyewe. Kilo moja ya hidrojeni inabeba nishati ya takriban kilowati-saa 33, na kuitenganisha na maji kwa umeme kunakula kilowati-saa 50 au zaidi. Umeme huo ukitoka kwenye maji ya Nile au jua, hidrojeni ni safi. Ukitoka kwenye makaa ya mawe, umesafisha mwisho na kuchafua mwanzo. Hidrojeni nyingi inayotengenezwa duniani leo inatoka kwenye gesi asilia na makaa ya mawe, na ndiyo sababu vijana waliitwa kuifikiria.

Kwetu Uganda mimi naona ina mahali pamoja pazuri pa kuanzia, nayo ni mbolea. Viwanda vya mbolea ya naitrojeni vinahitaji hidrojeni kutengeneza amonia, na sisi mbolea nyingi tunainunua nje. Kwa boda la kwenda sokoni, betri ya kuchaji inapoteza kidogo njiani kuliko hidrojeni. Chukua karatasi, uchore njia mbili: umeme hadi betri hadi gurudumu, na umeme hadi hidrojeni hadi gurudumu. Kila hatua andika kiasi kilichopotea. Uonyeshe klabuni kwako mchoro huo, utawafaa kuliko mlipuko.

*Salamu Mama Fundi. Naandika kutoka Arua. Kijana wangu anajiandaa na roboti lakini Kiingereza chake si kizuri, anaona haya kuongea. Kiswahili anakijua sana kwa sababu ya biashara ya mpakani. Je, ataachwa? – Mzee wa Arua*

Mzee wangu, hataachwa. Katika mapambano yale nchi tatu huungana, na nyingi kati yake hazizungumzi Kiingereza nyumbani. Vijana huchora, hunyoosha vidole, hupimana kwa kalamu. Naye akikutana na timu za Kenya, Tanzania, Burundi au Kongo, yeye ndiye atakayekuwa mkalimani wa wenzake wa Uganda. Serikali yetu ilikubali Julai 2022 kwamba Kiswahili kifundishwe kwa lazima shuleni. Mwanao amewatangulia.

Akifika barazani kwangu, atakuta roboti yetu ina mkono, kucha, kifua na ubongo. Mnyororo ni mnyororo, gia ni gia, na waya unaopoteza umeme watoto wanauita "mlevi". Wanasema, "Mama Fundi, kuna mlevi upande wa kushoto," na wote wanajua pa kushika. Jumamosi ijayo tunaanza saa mbili asubuhi, kwa kupima waya zote kabla ya kuwasha chochote. Kama ana shangazi au mjomba Jinja wa kumlaza, mlete.